Filamu za mizimu vitani: wafu wanadai haki yao au wanatumiwa kututisha tu?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Nina hoja kuhusu filamu za kutisha zinazowaweka askari vitani kisha zikawaletea mizimu. Ziko nyingi. Deathwatch ya Waingereza (2002) ina kikosi cha mwaka 1917 kilichokwama kwenye handaki la Wajerumani ambalo tope lake linameza watu. Overlord ya Wamarekani (2018) ina maabara ya Wanazi inayofufua maiti. R-Point ya Wakorea (2004) ina askari waliotumwa porini Vietnam kuwatafuta wenzao waliopotea. Swali ninaloliweka mezani ni hili: je, ni halali kuchukua vita ambavyo manusura wake wako hai na mifupa ya watu wake bado inatafutwa, ukavigeuza kuwa filamu ya kushtua watu?

Mimi nasema ni halali, ila kwa sharti moja. Mzimu lazima uwe na dai, na dai hilo limfuate aliyeua. Ukiuonyesha mzimu unaoparamia yeyote anayepita, umemnyang'anya marehemu kitu pekee alichobaki nacho, yaani haki ya kuuliza kwa nini aliuawa.

Nitasimama kwenye R-Point, maana ndiyo iliyotengenezwa vizuri kuliko zote nilizotaja, na ndiyo inayoniudhi zaidi. Asiyetaka kujua kisa chake aziruke aya tatu zinazofuata.

Ni mwaka 1972. Kituo cha jeshi la Korea Kusini nchini Vietnam kinapokea wito wa redio kutoka kwa kikosi kilichohesabiwa kuwa kimekwisha miezi sita nyuma. Wanaita wenyewe, wanaomba msaada. Luteni Choi anapewa watu wachache na siku saba kwenda kuwasaka. Wanapiga kambi kwenye jumba kuukuu la Kifaransa lililosimama peke yake. Kisha askari mmoja anakutwa amekufa. Luteni anatoa taarifa kwa redio, anataja jina la marehemu, na makao makuu yanamjibu kwamba mtu huyo hakuwa katika kundi lake hata kidogo: ni mmoja wa wale waliopotea. Walikuwa wametembea naye na kulala naye. Kinachotisha pale ni hesabu ya vichwa tu, na inatisha kuliko maiti zote za Overlord zikiwekwa pamoja.

Jumba lenyewe ni la kweli. Mwongozaji Kong Su-chang alipiga picha kwenye hoteli ya Bokor, Kambodia, iliyofunguliwa na Wafaransa mwaka 1925 juu ya mlima ambao barabara yake iligharimu maisha ya mamia ya vibarua. Kwa hiyo hata pazia la nyuma ya waigizaji lina wafu wake.

Sasa lipo jiwe. Njiani askari wanakuta jiwe lenye maandishi ya Kichina. Linasema kwamba zamani, zaidi ya miaka mia, Wachina waliwaua Wavietnam mahali pale na kuwatupa ziwani, na kwamba mwenye damu mikononi hatarudi. Askari wanaelewa kuwa onyo linawahusu na wao. Hapo nilitaka kupiga makofi. Filamu ya mauzo ya kawaida inawaambia Wakorea kwamba vijana wao walikuwa na damu mikononi! Lakini angalia kosa la kwanza, lile lililolaani ardhi, limewekwa kwa nani. Kwa Wachina wa karne iliyopita. Mkorea anakuja kuukuta uovu tayari, anaambukizwa, anakufa, na mtazamaji anamlilia.

Ukweli wa Vietnam unajulikana. Korea Kusini ilipeleka huko askari zaidi ya 300,000 kati ya 1964 na 1973, na zaidi ya 5,000 hawakurudi. Tarehe 12 Februari 1968, katika vijiji vya Phong Nhị na Phong Nhất mkoani Quảng Nam, askari wa Korea waliua raia zaidi ya 70. Chini ya wiki mbili baadaye waliua watu 135 katika kijiji cha Hà My, mkoa huohuo. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake, watoto na wazee.

Na Hà My nako kuna jiwe. Maveterani wa Korea walitoa fedha likajengwa mnara wa kumbukumbu. Wanakijiji wakaandika nyuma yake yaliyowapata, jinsi watu walivyouawa na miili ikasagwa. Wafadhili wakakasirika, wakataka maneno yabadilishwe. Wanakijiji wakakataa kubadilisha hata neno moja, wakaona heri waufunike ukuta huo kwa bamba lililochorwa maua ya yungiyungi. Maneno yako chini ya maua mpaka leo.

Wekeni mawe haya mawili pamoja. La kwenye filamu linazungumza, na linamtaja Mchina. La kweli linamtaja Mkorea, na limefunikwa. Mzimu wa R-Point, yule mwanamke wa Kivietnam mwenye vazi jeupe, hana jina, hana kijiji wala hana neno la kumwambia mtu. Anatokea, macho yanavuja damu, watu wanapigana risasi wenyewe kwa wenyewe. Je, angesema kwamba anatoka Hà My, filamu ingepoteza nini?

Kuna jambo jingine linalonifanya niwe mkali hapa. Wavietnam wengi wanaamini kwamba anayekufa mbali na kwao, bila kuzikwa na ndugu, roho yake hutangatanga. Mpaka leo wapo wanaowafukizia ubani marehemu wa aina hiyo wasiowajua kabisa, kando ya barabara. Takriban askari 200,000 wa Vietnam mabaki yao hayajapatikana. Wakati wa vita Wamarekani waliijua imani hii, wakairekodi: kanda yenye vilio, sauti ya mtoto akimwita baba, na sauti ya mfu akiwasihi wenzake warudi makwao. Waliipiga usiku kwa vipaza sauti kutoka kwenye helikopta. Mzimu wa watu uligeuzwa silaha dhidi ya watu wenyewe. Anayetengeneza filamu ya mizimu kuhusu vita hivyo anapaswa kujua kwamba hakuwa wa kwanza kuutumia mzimu wa Mvietnam kwa manufaa yake.

Karibuni kwa hoja.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umepanga vizuri, lakini nakupinga kwenye mzizi. Sharti lako halitoshi. Hata mzimu ukiwa na dai, hata ukitaja kijiji na tarehe, filamu ikimaliza kwa mzimu kulipiza kisasi, mtazamaji anaondoka ametulia. Damu imelipwa. Kwenye maisha haijalipwa. Manusura wa Phong Nhị hakwenda kwa mganga, alikwenda mahakamani Seoul. Februari 2023 mahakama ikaiamuru serikali ya Korea imlipe takriban won milioni 30, serikali ikakata rufaa, Januari 2025 ikashindwa tena. Mtu alipigwa risasi akiwa mtoto wa miaka minane, akasubiri zaidi ya miaka 50. Filamu ya mzimu inamalizia kazi hiyo kwa saa mbili. Huo ndio udanganyifu wake.

Na Overlord umeigusa juu juu mno. Shujaa wake ni kijana mweusi anayeruka kwa mwavuli usiku wa kuamkia uvamizi wa Normandy, Ufaransa, mwaka 1944, kaning'inia bega kwa bega na askari weupe. Jeshi la Marekani lilitenga weusi na weupe mpaka Rais Truman alipotoa amri ya kuukomesha ubaguzi huo Julai 1948. Askari weusi wa miavuli walikuwepo, batalioni ya 555, ila hawakupelekwa Ulaya kupigana. Mwaka 1945 walipelekwa Oregon kuzima moto wa misitu, wakati kukiwa na hofu ya mabaluni ya mabomu ya Wajapani. Filamu imebuni zimwi la Nazi na kulifuta zimwi la kweli lililokuwa ndani ya jeshi lake yenyewe. Ndiyo kazi ya zimwi vitani, mkuu. Linavuta macho yako upande usiohusika. Nimekulia kwenye nyumba ya askari, na yaliyomfanya mzee akeshe usiku hayakuwa mashetani. Walikuwa watu, na alijua majina yao.

Mchangiaji wa pili

Assalaam alaykum nyote. Mie niko Mombasa. Mleta mada amechanganya mzimu na jini, na hao ni viumbe tofauti. Tazameni Under the Shadow (2016) ya Babak Anvari. Tehran, mwaka 1988, makombora ya Iraq yanaanguka mjini. Baba ni daktari, kapelekwa mstari wa mbele. Mama na binti wamebaki kwenye jengo, kombora limetoboa paa likakaa pale bila kulipuka, na kupitia ufa huo likaingia jini na upepo. Mwanasesere wa mtoto amepotea. Jini halidai chochote, kwa sababu halikuuliwa na mtu.

Ila kuna pahala filamu ile imenishika. Mama anatoka mbio usiku, kambeba mtoto, anamkimbia jini, na barabarani anakamatwa na askari kwa sababu hakujifunika kichwa. Anapelekwa kituoni, anaonywa, anarudishwa nyumbani kulekule kwenye jini. Hapo ndipo utajua alikuwa amebanwa kutoka pande ngapi. Mambo hayo hayaelezeki kwa sharti la dai. Na kwa sisi tunaoamini kuwa majini yapo, filamu haikufanya mchezo na imani, iliichukua kama watu wanavyoijua majumbani mwao.

Mchangiaji wa tatu

Kaka mleta mada, mbona umekwenda mpaka Vietnam na hujataja wapagazi wetu? Vita vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa hapa, kuanzia Tanga mpaka Msumbiji. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja, wengi wakafa kwa kuhara damu, malaria na njaa, wakiwa wamebeba mizigo ya vita isiyo yao. Ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ya Aprili 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri.

Pale Nairobi, barabara ya Kenyatta, kuna sanamu tatu na mojawapo ni ya mpagazi. Maandishi yake yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Zunguka sanamu hizo utafute jina hata moja la mpagazi. Hakuna. Kwa hiyo huyo mchangiaji wa kwanza anayesema watu waende mahakamani, bibi zetu waende mahakama gani, wakamtajie nani? Kwa watu hawa filamu ya mizimu inaweza kuwa ndiyo rekodi pekee watakayopata. Nataka nimwone mpagazi huyo anasimama mbele ya ofisa aliyekuwa na daftari na akaamua kutomwandika.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Mombasa, jini lako liko nje ya sharti langu na nafurahi umelileta. Sharti linamhusu mtu aliyeuawa. Lakini tazama jinsi filamu ile inavyomtaja kila anayembana yule mama: kombora la nani, askari wa nani, sheria ya nani. Jini halikumfichia mtu kosa. R-Point ingekuwa jasiri kiasi hicho, nisingekuwa na la kusema.

Dada, umenipa mfano bora kuliko wangu. Ofisa mwenye daftari, huyo ndiye anayekosekana kwenye filamu hizi. Deathwatch inakuonyesha tope linalokula watu, lakini huoni hata mara moja mkono uliosaini amri ya kuwapeleka kwenye tope. Vita yenyewe inafanywa pepo, na pepo hana cheo, hana ofisi, hashtakiwi.

Mkuu wa kwanza, hoja yako ya kisasi kinachotuliza ni nzito, na inazipiga filamu nyingi. Haizipigi zote. Chukua Below (2002), ile ya nyambizi ya Wamarekani. Maofisa wake wamezamisha meli ya hospitali kwa makosa, nahodha akataka kuokoa waliokuwa majini, wakamuua ili siri isitoke. Mambo ya ajabu yanayoandama nyambizi ile hayamwachii mtu atulie, yanairudisha palepale ilipofanyika dhambi, na waliobaki hai wanapaswa kuchagua kusema au kunyamaza. Mzimu pale haulipizi. Unalazimisha ushahidi utolewe.

Na kwenye ile kesi ya Seoul, umemsahau mtu mmoja. Pamoja na manusura, mahakamani alisimama pia mkongwe wa jeshi la Korea, mtu aliyekuwepo na kikosi kile mwaka 1968, akatoa ushahidi upande wa mwathirika. Hebu mlinganishe na mwisho wa R-Point. Anabaki askari mmoja tu hai, amepofuka, anaokotwa na helikopta bila kueleza lolote. Filamu ilikuwa na shahidi mkononi ikamziba macho na mdomo, miaka kumi na tisa kabla ya hukumu. Mimi ningeanzia pale ilipoishia: askari yule amerudi Seoul, kazeeka, na yule mwanamke wa vazi jeupe amekuja mlangoni kumdai aseme. Nijibu wewe uliyekulia kwenye nyumba ya askari: filamu hiyo nayo ingekuwa udanganyifu?