Sanamu tano za makocha wa Alabama: wa katikati walikuwa akina nani?

Mzazi_Birmingham

Wanajamvi, nawasalimu nyote. Jumamosi iliyopita nilimpeleka mwanangu Tuscaloosa, mwendo wa saa moja hivi kutoka hapa Birmingham tunapoishi, ili auone uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Alabama. Nje ya uwanja zimesimamishwa sanamu tano za makocha wakuu walioipatia timu ubingwa wa taifa, nao ni Wallace Wade, Frank Thomas, Paul Bryant, Gene Stallings na Nick Saban. Tuliporudi nyumbani tukaipanga miaka yao kwenye karatasi, na mwanangu akaona mapengo kabla yangu: Thomas aliondoka mwaka 1946 na Bryant akaanza 1958, Bryant alistaafu 1982 na Stallings akaanza 1990, Stallings aliondoka 1996 na Saban akaja 2007. Naomba wenye kuujua mchezo huu watueleze ni akina nani waliokaa katika mapengo hayo. Aidha, ni kweli, kama wanavyodai wenzangu kazini, kwamba anayemrithi kocha mkubwa hana budi kuanguka?

Kipenga

Wenzako wanakosea, na ushahidi umo katika sanamu mbili za mwanzo. Wade ndiye aliyeipeleka timu hiyo Pasadena, California, kwa treni, kucheza Rose Bowl, mchezo wa heshima wa kufunga msimu, tarehe 1 Januari 1926, wakati ambapo timu za Kusini zilikuwa hazihesabiwi kuwa kitu. Wapinzani wao, Chuo Kikuu cha Washington, walikwenda mapumziko wakiongoza 12 kwa 0; Alabama wakapata pointi 20 katika robo ya tatu peke yake na kushinda 20 kwa 19. Wade aliondoka kwenda chuo cha Duke baada ya msimu wa 1930, msimu ambao hakupoteza mchezo hata mmoja, hivyo aliyemfuata alipokea mzigo usiobebeka kirahisi. Hata hivyo Thomas, aliyejifunza mchezo kwa kocha Knute Rockne kule chuo cha Notre Dame, aliubeba kwa miaka mingi, akashinda michezo 115 na kupoteza 24 tu.

Wa pengo la kwanza ni Red Drew, ambaye hakuwa mbaya, kisha Jennings Whitworth, ambaye jina lake wazee wa huko hawapendi kulisikia. Mwaka 1955 timu yake ilicheza michezo kumi na kupoteza yote kumi, na katika misimu mitatu alishinda minne tu. Mimi huwa nakumbuka zaidi jambo dogo la msimu huo wa kwanza: Whitworth alikuwa na mwongoza mashambulizi Bart Starr katika mwaka wake wa mwisho chuoni, lakini akampa nafasi finyu kwa kuwa aliwapendelea vijana wadogo zaidi. Starr alichaguliwa na timu ya kulipwa ya Green Bay mwaka 1956 katika raundi ya 17, akiwa mchezaji wa 200, na baadaye akawaongoza kushinda Super Bowl, yaani fainali ya timu za kulipwa, mbili za kwanza.

Mkaazi_wa_Kusini

Namshukuru Kipenga kwa maelezo yake, ila napenda kuongeza jambo ambalo karatasi ya miaka haiwezi kulionyesha. Sanamu tatu kati ya hizo tano ni ukoo mmoja. Bryant alikuwa mchezaji wa Thomas, na alikuwamo katika kikosi kilichowafunga Stanford 29 kwa 13 tarehe 1 Januari 1935; Stallings naye alikuwa mchezaji wa Bryant huko Texas A&M, kisha akawa msaidizi wake Alabama. Stallings alipokuja kuwa kocha wa Texas A&M, aliishinda Alabama ya mwalimu wake 20 kwa 16 katika Cotton Bowl, mchezo mwingine wa kufunga msimu, Januari 1968, na mchezo ulipokwisha Bryant alimfuata uwanjani akamkumbatia na kumwinua juu.

Ukoo huo ndio unaoyaeleza mapengo mawili yaliyofuata. Bryant alifariki tarehe 26 Januari 1983, siku 28 tu baada ya mchezo wake wa mwisho, na kuanzia hapo waajiri walikuwa wakitafuta mtoto wa nyumbani. Ray Perkins, aliyechezea Bryant miaka ya sitini, aliitwa kutoka timu ya kulipwa ya New York Giants. Aliacha mfumo wa mashambulizi wa mwalimu wake na kuuondoa mnara ambao Bryant alikuwa akisimama juu yake kutazama mazoezi, na wapo waliolichukulia jambo hilo kama mtu kuvunja kibanda cha babu siku ya matanga. Baada yake akaja Bill Curry, mgeni kabisa kwa ukoo huo, ambaye alishinda michezo 26 na kupoteza 10. Ofisi yake ilirushiwa tofali dirishani mwaka 1988, na kosa lake lisilosameheka lilikuwa kufungwa na mahasimu wakubwa Auburn mara tatu katika misimu mitatu. Stallings akarudisha ubingwa mwaka 1992, lakini Mike DuBose, mtoto mwingine wa nyumbani, alimaliza msimu wa 2000 kwa ushindi wa michezo mitatu na kupoteza minane. Dennis Franchione alikaa misimu miwili, Mike Price akafukuzwa kabla ya kusimamia hata mchezo mmoja, na Mike Shula, aliyekuwa amechezea Perkins, akadumu miaka minne. Saban hakuwa na undugu wowote na Bryant. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri, na naona waajiri walichelewa mno kuitambua.

Kwa kuwa ndugu muulizaji anaishi Birmingham, amwonyeshe mwanawe pia uwanja wa Legion Field, ambako Septemba 1970 timu ya USC (Chuo Kikuu cha Southern California), kwa nguvu za mchezaji mweusi Sam Cunningham, iliifunga Alabama 42 kwa 21. Watu hupenda kusema kwamba siku hiyo ndiyo iliyowafungulia wachezaji weusi mlango wa Alabama. Ukweli ni kwamba Wilbur Jackson, mchezaji mweusi, alikuwa tayari amekwisha kusajiliwa na Alabama, ila sheria za wakati ule hazikumruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kucheza.

Msomaji_wa_Takwimu

Napenda kutoa tahadhari kuhusu hesabu, maana Bryant na Saban wote huandikiwa mataji sita Alabama, na vijana huyalinganisha kana kwamba ni kitu kimoja. Enzi za Bryant ubingwa ulitolewa kwa kura. Mwaka 1973 makocha walimpigia kura kabla ya mchezo wa mwisho, naye akafungwa na Notre Dame 24 kwa 23 huku taji likibaki lake. Ya Saban yote sita yalipatikana uwanjani; lile la 2017 lilipatikana katika muda wa ziada, baada ya kumwondoa mwongoza mashambulizi wake wakati wa mapumziko, timu ikiwa nyuma 13 kwa 0, na kumwingiza kijana wa mwaka wa kwanza, Tua Tagovailoa, ambaye alirusha pasi ya yadi 41 iliyowamaliza Georgia.

Aidha, ukikuta mahali pamoja Saban ana ushindi 206 Alabama na pengine 201, usidhani ni kosa la uchapaji: mitano ya mwaka 2007 ilifutwa kwa adhabu. Stallings naye alipokonywa ushindi wa mwaka 1993.

Mzazi_Birmingham

Ahsanteni sana. Mwanangu amechora mstari mwekundu kutoka kwa Thomas hadi Bryant hadi Stallings, na sasa anauliza Kalen DeBoer, aliyempokea Saban mwaka 2024, amchore upande gani.

Kipenga

Amchore peke yake, pembeni. Alitoka timu ya Chuo Kikuu cha Washington.