Vunjajungu wangu hajala siku ya nne, ananing'inia tu. Anaumwa?

FundiWaShela, Moshi
Alhamisi, saa 4:10 usiku

Habari za usiku wakuu. Najua wengine mtacheka. Chekeni, mkimaliza mnisaidie.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko karibu na soko la Mbuyuni. Wiki tano zilizopita nilikwenda Kibosho kuwasalimia wazazi, nikarudi na fungu la masale ya kupanda uani. Kufika nyumbani, kwenye jani moja kuna vunjajungu wa kijani, mdogo kama sindano ya mkono. Nikamtia kwenye kopo la pipi, yale makubwa ya dukani yenye mfuniko mwekundu, nikatoboa matundu kwa sindano ya moto na kumwekea kijiti cha kupandia.

Chakula ni nzi. Nawavizia kwenye maganda ya ndizi kwa kipande cha neti. Akimdaka anaanza kichwani, anamzungusha kama mtu na hindi la kuchoma, halafu analamba mikono yake mmoja mmoja. Wateja wanakuja kupima nguo wanasahau walichofuata. Ameshajivua gamba mara mbili (siyo lile la CCM la 2011, hili ni la kweli), na sasa ni mrefu kama kidole changu cha kati.

Shida ni hii. Tangu Jumatatu hataki kula. Nimemwekea nzi wanne wanamtembelea hadi mgongoni, anawasukuma kwa mguu. Ananing'inia kichwa chini kwenye kijiti hatikisiki. Mabegani kuna vifuko viwili vimevimba, havikuwa hivyo wiki iliyopita. Na jana usiku nilipommulika macho yote mawili yalikuwa meusi ti, wakati mchana ni ya kijani.

Huyu ni wa pili. Wa kwanza, mwaka jana, alikuwa kwenye kopo hili hili bila kijiti. Asubuhi moja nikamkuta chini, nusu ametoka kwenye gamba, miguu imepinda kama pini iliyogongwa na cherehani. Alikaa siku mbili akafa. Sitaki kuona tena kitu kile.

Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, hataki hata kusikia. Kwao ukimgusa vunjajungu lazima chombo kivunjike, ndiyo maana ya jina lake. Nimemwambia mama, siku hizi tunapikia sufuria. Akanijibu sufuria ni zangu, vyungu ni vyake.

Nimemshonea nyumba mpya kwa chandarua cha zamani, kile nilichopewa kliniki nilipokuwa na mimba ya mwanangu wa mwisho. Fremu ni waya wa henga. Kesho asubuhi namhamishia. Au nimwache afe kwa amani?


Kinyonga_Tengeru
Alhamisi, saa 4:31 usiku

Dada, USIMHAMISHIE HUMO. Soma kwanza.

Chandarua cha kliniki kimetiwa dawa ya kuua mbu kiwandani, na dawa ile haiulizi kama wewe ni mbu au vunjajungu. Ni ya ukoo wa ile inayotoka kwenye ua la pareto wanalolima Iringa na Mbeya, ila hii imetengenezwa idumu kwenye uzi miaka kadhaa, hata ukikifua. Vunjajungu anashika ukuta kwa nyayo saa 24. Ukimweka humo utaona anaanza kutetemeka, anaanguka chali, na hapo huna la kufanya. Hata mikono yako, kama umeshika chandarua hicho, nawa kwa sabuni kabla ya kumgusa. Na kama unachoma dawa ya mbu kibandani, zima.

Wewe si fundi wa shela? Tumia neti ya shela. Mpya, haina dawa, na ina matundu anayoweza kuyashika kwa kucha.

Sasa mgonjwa wako. Haumwi, anataka kujivua. Vifuko vya mabegani ni mabawa yaliyokunjwa. Vikivimba namna hiyo, hii ndiyo mara yake ya mwisho, akitoka hapo ni mtu mzima mwenye mabawa. Kugoma kula ni kawaida, wanaweza kukaa siku kadhaa hivyo. Macho kuwa meusi usiku ni kawaida pia, ni namna ya kuona gizani, asubuhi yanarudi.

Kilichomuua wa kwanza ni kopo. Anapojivua ananing'inia kwa miguu ya nyuma na kuteleza kushuka chini kutoka kwenye gamba lake mwenyewe. Ule mfuniko wa plastiki ni laini, hauna pa kushika, akaanguka katikati ya kazi. Ngozi mpya ikiwa bado mbichi, ukianguka unakauka ulivyopinda. Chini yake inatakiwa nafasi tupu isiyopungua mara tatu ya urefu wake. Pima, wewe una futi.


FundiWaShela
Alhamisi, saa 4:40 usiku

Nimepima. Yeye sentimita 7. Kutoka kijitini hadi chini sentimita 13. Mungu wangu.

Chandarua nimekitoa nje. Nina neti nyeupe ya shela, imebaki mita mbili kwa bibi harusi aliyebadilisha mshono. Nikishona usiku huu nimhamishe vipi bila kumgusa?


Kinyonga_Tengeru
Alhamisi, saa 4:52 usiku

Usimguse kabisa. Toa kijiti pamoja na yeye juu yake, polepole, kifunge juu ndani ya nyumba mpya. Iwe na kimo cha sentimita 40. Toa nzi wote, maana nzi mmoja akimkanyaga wakati ngozi haijakauka anamharibu. Nyunyizia maji kidogo kwenye neti jioni, hewa ikiwa kavu gamba linang'ang'ania. Una ile chupa ya kupulizia wakati wa kupiga pasi? Hiyo hiyo, ila ioshe kama ulitia wanga.

Halafu swali la udaku: hesabu pingili za tumbo upande wa chini. Sita ni jike, nane ni dume.


BodaKiboriloni
Ijumaa, saa 1:15 asubuhi

Mimi nimeona video, Ulaya hawa wanauzwa hela ndefu. Kuna mmoja ana mikono kama maua, wanasema anatoka Tanzania. Dada Fundi, tuunde kampuni?


Kinyonga_Tengeru
Ijumaa, saa 1:40 asubuhi

Unayemsema ni Idolomantis diabolica. Ni kweli huku kwetu yupo, ni kati ya vunjajungu wakubwa kabisa duniani, na wafugaji wa Ulaya wanamlilia. Lakini mkuu, tulia na pikipiki. Mwaka 2016 serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na wafugaji wa vipepeo wa Amani kule Muheza, waliokuwa wanauza pupa (kipepeo akiwa bado kwenye ganda) kwenye nyumba za maonyesho za ng'ambo kihalali kabisa, nao wakajikuta ndani ya zuio. Hao walikuwa na mradi na vibali. Wewe utapita uwanja wa ndege wa KIA na kopo mfukoni? Kabla ya kuuza chochote nenda ofisi ya maliasili ukaulize.


MzeeWaNjiro
Ijumaa, saa 3:05 asubuhi

Wanangu mmenifurahisha. Mtoto wa dada yangu yuko Ujerumani, anafuga jongoo! Jongoo hawa hawa wetu wakubwa weusi tunaowafagia mvua za masika. Anampa maganda ya mayai apate chokaa, anamwekea majani yaliyooza. Nilipomwambia hapa Njiro nimefagia sita kwa siku moja, alinyamaza kwenye simu.

Sasa anataka kuniletea mende wa Madagaska Desemba. Wakubwa kama kidole gumba, hawana mabawa, ukimshika anatoa mlio kama tairi linalopungua upepo. Wajukuu wamechangamka. Je, kuna ubaya?


Kinyonga_Tengeru
Ijumaa, saa 3:30 asubuhi

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, mwambie aje na chokoleti.

Jongoo, najua wewe unajua, si mdudu wa miguu sita, ila tumsamehe. Mende wa Madagaska kule Ujerumani akitoroka, baridi inamkamata. Hapa Arusha akitoroka atakuta joto, maparachichi yaliyoanguka, na hakuna wa kumzuia. Tena jike anazaa watoto hai, wengi kwa mpigo. Nzi wa matunda kutoka Asia alionekana Kenya mwaka 2003, leo kila mwenye mwembe anamjua. Viwavijeshi vamizi, wa kutoka Amerika, walifika Afrika 2016, mwaka uliofuata walikuwa kwenye mahindi yetu. Kuingiza mdudu hai bila kibali ni kosa, na hata bila hilo mimi nisingekushauri.

Wajukuu wakitaka mdudu wa kutisha, chimbua samadi iliyokaa mwaka. Yale mafunza meupe manene yaliyojikunja kama herufi C, mengi ni ya mbawakawa wenye pembe. Weka mawili kwenye ndoo pamoja na samadi yao ile ile, iwe na unyevu wa kushikana ukiifinya lakini isitoe maji. Japani watoto wananunua ndugu zao dukani.


MzeeWaNjiro
Ijumaa, saa 3:41 asubuhi

Marahaba. Samadi ninayo.


FundiWaShela
Jumapili, saa 8:20 mchana

Nimerudi. Samahani kwa ukimya, jana nilikuwa na magauni sita ya wapambe ya kukabidhi.

Pingili ni sita, nilihesabu kwa kichwa cha pini. Jike.

Jana saa 2 usiku umeme ukakatika nikiwa napinda upindo wa gauni la tano. Nikawasha tochi ya simu, nikammulika na yeye kwa mazoea. Mgongo ulikuwa umepasuka nyuma ya shingo, mstari mmoja safi, kama mshono uliofumuliwa kwa wembe. Nikaacha kazi, nikakaa chini.

Alitoka kichwa kwanza, akishuka taratibu. Mnajua mtu anavyotoka kwenye gauni lililobana ambalo fundi amesahau zipu? Ndivyo. Miguu ya mbele ilichomoka ikiwa laini, rangi ya maziwa ya chai. Vipapasio vilikuwa vya mwisho kichwani, alivivuta kama nyuzi mbili ndefu zilizokwama, nikawa nashika pumzi. Halafu akabaki ananing'inia kwa ncha ya tumbo tu, kichwa chini, hafanyi chochote. Nilidhani ameshindwa. Nikakumbuka yule wa kwanza. Nilihesabu dakika kumi na mbili kwenye simu, betri iko asilimia tisa. Kisha akajikunja juu kwa mara moja, akashika gamba lake mwenyewe, akageuka kichwa juu.

Mabawa yalikuwa makunyanzi matupu, kama kitambaa kilichotoka kwenye ndoo. Yakaanza kujaa kutoka begani kwenda chini, polepole, mpaka yakanyooka bila kunyanzi hata moja. Mimi nimeshona miaka kumi na minne, sijawahi kupiga pasi hivyo. Kila bawa la juu lina nukta moja nyeupe, kama kifungo cha shati.

Gauni la tano nililimalizia saa 8 usiku kwa mkono. Mama wa bibi harusi hajagundua.

Kinyonga, nimpe nzi leo?


Kinyonga_Tengeru
Jumapili, saa 8:45 mchana

Hongera sana dada! Nyeupe kwenye mabawa, basi ni Sphodromantis, hao wakubwa wa kawaida wa Afrika. Subiri hadi kesho kutwa, meno bado hayajakauka. Ukimpa, anza na nzi mmoja mdogo.

Baadaye utamwona tumbo linajaa, atataga kitu kama povu kijitini kitakachokauka kiwe kigumu. Usishangilie, bila dume hayo mayai kwa kawaida hayaanguliwi. Na ukimletea dume, mshibishe jike kwanza. Nadhani sina haja ya kueleza kwa nini.


BodaKiboriloni
Jumapili, saa 9:02 alasiri

Eleza mkuu 😂


FundiWaShela
Jumatano, saa 12:30 jioni

Amekula. Nzi wawili jana, leo panzi mzima, akabakiza miguu na mabawa sakafuni.

Nyumba yake nimeitundika dirishani nyumbani, kibandani watoto wa shule wanaigusa sana. Mama mkwe hajasema kitu. Ila leo asubuhi nimekuta vyungu vyake viwili havipo jikoni. Amevihamishia chumbani kwake, chini ya kitanda, amevifunika na khanga.

Neti ya shela imebaki kama mita moja. Mwenye kuihitaji Moshi mjini apite kibandani, simuuzii.