Vibao vya bustani ya Bibi

Kikundi: UZAO WA BIBI, MUHEZA

Jumamosi

Baba Mdogo Salim, 06:52
Assalaam alaykum familia. Mama mzima, msishtuke. Ila kibarua aliyekuja jana kufyeka nyuma ya nyumba kaukata mdalasini wake. Ule mdogo wa karibu na kisima. Majani machanga yalikuwa mekundu mekundu, kijana akadhani kichaka tu. Simlaumu, hapakuwa na kitu cha kumwambia huu ni mti wa mtu.

Shangazi Zena, 06:58
Waalaykum salaam. Jamani, ule mdalasini! Mama anasemaje?

Baba Mdogo Salim, 07:01
Kanyamaza. Amekaa barazani na tawi mapajani, analibandua gome kwa kucha na kulinusa.

Rehema, 07:10
Shikamooni wazazi wangu. Roho imeniuma. Mche ule tulikwenda naye kuuchukua, akaupakata ndani ya basi njia nzima.

Baba Mkubwa Athumani, 07:15
Marahaba binti. Salim, wameukata au wameung'oa?

Baba Mdogo Salim, 07:16
Umekatwa kwa panga. Kisiki kimebaki kama shubiri moja.

Baba Mkubwa Athumani, 07:19
Basi haujafa. Mdalasini ukikatwa huchipua. Zanzibar wakulima wa viungo huukata makusudi usirefuke, utoe vichipukizi vingi vilivyonyooka, na gome la kuvuna hutoka kwenye hivyo. Mwambie Mama asubiri mvua. Ila kisiki kiwekewe alama leo hii, la sivyo atakuja mwingine akikanyage.

Rehema, 07:24
Lakini Baba Mdogo, Idd iliyopita si niliweka vijiti bustani nzima? Vya mianzi, nikaandika kwa maka peni.

Baba Mdogo Salim, 07:30
Uliweka mwanangu, na vilipendeza. Havikumaliza masika. Mchwa walianzia chini, jua likala wino juu. Nilivyobakiwa navyo ni viwili na vyote ni vyeupe.

Zuhura, 07:33
Shikamooni. Si mdalasini peke yake jamani. Mimi naogopa mihogo. Tuta la kwanza na la pili ni mihogo mitamu, la tatu ni mchungu ambao Bibi anaupanda kwa sababu ngedere na nguruwe hawauli. Majani kwangu mimi yanafanana kabisa. Watoto wa Dada Rehema wanakuja Desemba na tunawajua, wakiona muhogo wanachimba na kutafuna mbichi.

Rehema, 07:35
Ya Rabbi. Hilo sikuliwaza hata kidogo.

Baba Mdogo Salim, 07:37
Mchungu una sumu ya sianidi, si wa kutafunwa mbichi. Mpaka umenywe, ulowekwe, uanikwe. Mama anaujua kwa kuutazama tu, ila sasa macho yake yana mtoto wa jicho, na mimi nauliza kila mara.

Hamisi, 08:12
Shikamooni. Nilikuwa kazini, ndiyo nasoma. Hili niachieni mimi. Leo nazungumza kama fundi aluminiamu, sio kama mjukuu.

Chukueni makopo matupu ya soda, yale mepesi ya aluminiamu. Mkasi, unakata juu na chini, unabaki na bati laini kama karatasi ngumu. Kopo moja linatoa vibao sita vya upana wa vidole viwili. Lazeni bati juu ya kandambili kuukuu, au gazeti lililokunjwa mara nyingi, muhimu chini pawe laini. Kisha andikeni kwa kalamu ya bik iliyoisha wino, mkandamize. Herufi zinazama ndani ya bati lenyewe. Hakuna wino wa kufutika, hakuna rangi ya kubanduka. Jua na mvua vitapita juu yake, maandishi yatabaki.

Ncha za bati zinakata kama wembe. Kunjeni kingo kwa koleo kabla hamjamkabidhi mtoto.

Zuhura, 08:15
Na penseli je Kaka? Mwalimu wetu wa baiolojia alituambia penseli haipauki juani.

Hamisi, 08:18
Kweli, penseli ni kaboni, jua haliifanyi kitu. Kwa miche ya kwenye vifuko, ya kukaa miezi mitatu, penseli inatosha kabisa. Kwa mti wa miaka ishirini, chimba herufi.

Baba Mkubwa Athumani, 08:26
Hili la mti wa miaka ishirini sikilizeni. Huku Kisauni nilinunua miche mitatu ya maembe ya kubebesha: ngowe, boribo na apple. Kila mmoja ulikuja na kikaratasi kwa uzi. Mvua ya kwanza vikaratasi vikaenda. Mwembe haukuambii ni nani mpaka uzae, nimekaa miaka minne nikimwagilia maji miti mitatu nisiyoijua majina. Ule niliouita boribo na kuupa nafasi kubwa ndio uliotoka ngowe. Sasa ule mwingine umebanana na ukuta, na siwezi kuuhamisha tena.

Shangazi Zena, 08:40
Hamisi baba, ahsante, Mungu akuzidishie. Ila nina neno. Sitaki bustani ya Mama ifanane na ghala lenye namba. Pale kuna mlangilangi, kuna asmini, kuna mkilua, kuna mrehani. Wanawake wa mtaa mzima wamefungiwa vikuba vya harusi kutoka bustani ile. Ukiingia usiku harufu inakupokea mlangoni. Bati la kopo pale katikati litaniudhi.

Shangazi Zena, 08:44
Mimi hapa Tanga nina vifuu. Tangu mwaka jana nakusanya vifuu vya nazi, nasugua kwa msasa mpaka ving'ae kama kahawa. Ninaweza kukata duara, nikachoma jina kwa msumari wa moto, nikapaka mafuta ya nazi. Vinaning'inia, havigusi ardhi, mchwa hawavifikii.

Hamisi, 08:47
Shangazi, hapo umemaliza. Jina la kuchoma nalo halipauki kama rangi. Tuviweke viwili pamoja: kifuu mbele kwa uzuri, bati dogo nyuma yake. Kifuu kikichakaa unabadilisha kifuu, jina liko palepale.

Rehema, 08:48
Nimeipenda hiyo ❤️

Hamisi, 08:55
Waya sasa. Huko Tanga kuna chumvi ya bahari na unyevu, msifunge bati la aluminiamu kwa waya wa shaba wala wa chuma, tundu litaliwa mpaka kibao kidondoke. Aluminiamu kwa aluminiamu. Nina mabaki ya waya wa umeme wa aluminiamu hapa karakana, nitawatumia kwa basi. Na msiukaze! Nilishaona mpera, mwenyewe alifunga waya kwenye tawi akasahau. Tawi likanenepa, waya ukazama ndani ya gome, ukaziba njia ya maji na chakula, juu pakakauka pote. Acheni nafasi vidole viwili vipite, na kila mwaka baada ya masika mtu azungukie kulegeza.

Baba Mdogo Salim, 08:57
Kuzungukia nitazungukia mimi.

Rehema, 09:03
Na tuta la muhogo mchungu? Wangu mdogo hajui kusoma bado.

Baba Mdogo Salim, 09:06
Pale siweki kibao, naweka mawe makubwa pande zote mbili za tuta, yaliyopakwa rangi ya mafuta nyekundu. Muhogo ukivunwa na tuta likihama, mawe yanahama nalo. Wafundishe watoto kabla hawajapanda basi: jiwe jekundu, usiguse.

Rehema, 09:07
Naanza leo.

Zuhura, 09:20
Kuhusu majina, naomba tuandike na ya Kilatini. Tulipokwenda Amani na shule, ile bustani iliyoanzishwa enzi za Mjerumani mwaka 1902, tulisoma miti kwa majina hayo. Mdalasini ni Cinnamomum verum. Mtu akitoka popote anaelewa. Maana hata humu ndani hatuelewani: Baba Mkubwa akisema rihani sisi tunasema mrehani, na kuna watu mtaani wanauita kivumbasi mrehani vilevile.

Shangazi Zena, 09:26
Kivumbasi si mrehani! Kivumbasi ni cha kufukuzia mbu, mrehani ni wa kujitia kwenye nywele. Aliyevichanganya hajawahi kuvinusa.

Baba Mkubwa Athumani, 09:31
Zuhura ana hoja. Ila mjukuu wa Bibi, hata Kilatini huhama. Lile ua dogo la zambarau la milima yetu ya Usambara, wazungu waliliita Saintpaulia mwaka 1893, kwa jina la ofisa wa Kijerumani aliyelipeleka kwao. Mwaka 2015 wataalamu wakaliingiza kwenye Streptocarpus. Aliyechonga kibao chake itabidi achonge kingine. Jina alilolitumia Mama litangulie, kubwa. La Kilatini liwe dogo chini.

Zuhura, 09:33
Sawa Baba Mkubwa, nimeridhika.

Jumapili

Zuhura, 16:48
[Picha] Cha kwanza hiki. MDALASINI. Nimekiharibu mara mbili, cha tatu kimekubali.

Zuhura, 16:55
Naomba niwasimulie. Nilimpa Bibi akishike. Akakileta karibu na jicho, akakipeleka mbali, akasema haoni kitu, kinang'aa tu. Nikasikitika. Halafu akapitisha kidole gumba juu yake polepole, akarudia, akaniuliza, "Hii imezama?" Nikasema ndiyo Bibi. Akasema zilizozama hazishiki kidole, anataka zilizoinuka.

Hamisi, 16:58
Allahu akbar. Inawezekana! Andika upande wa nyuma, herufi zikiwa zimegeuka, mbele zitatokeza.

Zuhura, 17:40
Kaka, imekubali. Nimeandika kwenye karatasi nyembamba, nikaigeuza dirishani nikaona jina kinyumenyume, nikaiweka juu ya bati na kufuatisha. Herufi kubwa, moja moja, na nafasi kati yake. Bibi kasoma kwa kidole: M, D, A, L... alipofika S akasema "mdalasini" kabla hajamaliza.

Shangazi Zena, 17:42
😭😭 Mama kasoma.

Baba Mkubwa Athumani, 17:50
Mama alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, miaka ya sabini, na mimi nikiwa darasani siku hizohizo. Jioni tukikaa taa moja, yeye na daftari lake, mimi na langu. Zuhura mwanangu, vibao vyote viwe vya kuinuka. Vyote.

Rehema, 18:02
Basi na tundu za kuning'inizia ziwe upande wa kushoto, ajue pa kuanzia. Na vifungwe usawa wa kifua chake, si juu tunakofikia sisi.

Hamisi, 18:04
Umesema vizuri sana dada.

Shangazi Zena, 18:15
Jambo moja zaidi, kabla tarehe ya Mama ya kupasuliwa jicho haijafika. Zuhura, zunguka naye bustani nzima na daftari. Kila mti upe namba, chini ya namba andika: ulitoka wapi, nani aliuleta, mwaka gani akiukumbuka. Kibao hakiwezi kubeba yote hayo, daftari litabeba. Namba ndogo ichongwe pembeni ya jina.

Zuhura, 18:17
Tumeshaanza Shangazi. Tumefika namba 14 na hatujavuka kisima. Mchungwa wa mlangoni, Babu aliubebesha mwenyewe Valencia juu ya shina la mlimau. Mkomamanga ulitoka kwa mke wa mwalimu aliyehamishwa, aliuacha kama kuaga.

Alhamisi

Baba Mdogo Salim, 06:30
[Picha] Angalieni kisiki. Vichipukizi vitatu, vyekundu kama jua la magharibi. Nimepigilia kigingi cha mvule pembeni yake, kibao cha Zuhura kiko juu. Yule kijana wa kufyeka alikuja asubuhi kuomba radhi, Mama akamshika mkono akamsomesha jina.

Baba Mkubwa Athumani, 06:41
Alhamdulillahi.

Rehema, 06:44
Masha Allah. Kimebaki kipi?

Zuhura, 07:05
Ule mlangilangi mkubwa, namba 22. Nilikuwa nimeshachonga MLANGILANGI, Bibi kakirudisha. Kasema hakuwahi kuuita hivyo. Mche aliletewa na mdogo wake, kwenye kikapu, umefungwa kwa kanga iliyolowa maji, mwaka ule aliotangulia mbele ya haki. Tangu hapo akienda kuchuma maua anasema anakwenda kwa Mwanaisha. Anataka kibao kiseme Mwanaisha.

Shangazi Zena, 07:09
Miaka yote hiyo nilidhani anakwenda kwa jirani.

Shangazi Zena, 07:10
Kifuu cha Mwanaisha nakichoma mimi, leo.

Hamisi, 07:14
Herufi tisa, za kuinuka. Nakata bati refu kidogo, linapanda basi la saa nne pamoja na waya.