Mashahidi wa 1631 na yaliyowatangulia: niwafundishe nini vijana wa kipaimara?

Katekista_Tudor

Tumsifu Yesu Kristo kwa Wakristo wenzangu, na salamu kwa wote mnaosoma.

Mimi ni katekista hapa kisiwani Mombasa, nafundisha darasa la kipaimara. Kila mwezi wa Agosti huwasimulia vijana habari za Wakristo waliouawa mjini petu mwaka 1631. Kwa asiyeijua: tarehe 16 Agosti mwaka huo Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimbatiza kule Goa, mji wao mkuu huko India, wakamwita Dom Jerónimo Chingulia, aliingia Fort Jesus, ngome ya Wareno, na watu wake, kapteni Pedro Leitão de Gamboa akauawa. Kisha Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika, wakatakiwa waiache imani yao au wafe. Wengi walikataa kuiacha. Waagustino, watawa waliokuwa wakihudumu hapa Mombasa, walikusanya ushahidi wa mambo hayo huko Goa mwaka uliofuata, na wapo hadi leo wanaoomba watu hawa watangazwe wenye heri. Mimi ni mmoja wao.

Safari hii msichana mmoja wa darasa langu akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na huyo Yusuf babake alikufaje?" Alikuwa ameshasoma. Jibu analijua, alitaka kuona kama nami nitalisema.

Nililisema. Babake, Sultani Hasan bin Ahmad, aligombana na kapteni wa Wareno akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa upande wa Rabai na watu waliochochewa na Wareno haohao. Kichwa chake kilipelekwa Goa. Mwanawe, mtoto wa miaka kama saba, akapelekwa Goa pia, akalelewa katika nyumba ya watawa, akafundishwa Injili na watu wa upande ule ule uliomuua babake. Na nyuma ya hapo kuna mengine ya makamanda wa Wareno: Francisco de Almeida aliupora na kuuchoma mji huu mwaka 1505, Nuno da Cunha akaurudia 1528, Tomé de Sousa Coutinho akaushambulia tena 1589. Ngome ilianza kujengwa 1593, ikapewa jina la Yesu.

Shida yangu haiishii kwenye historia. Kila Dominika nasimama na waumini wenzangu nasema nasadiki Kanisa moja, takatifu, katoliki, la mitume. Nalisema kwa moyo wote. Lakini nitamwambia nini mtoto anayeniuliza utakatifu huo ulikuwa wapi mwaka 1505? Sitaki kumpa jibu la kumnyamazisha. Nami mwenyewe nalihitaji jibu, maana usiku nalala nalo.

BabaWatatu_Changamwe

Mwalimu, kwa heshima, usiwachanganye watoto. Wale walikuwa askari na wafanyabiashara wa mfalme wa Ureno, walifuata dhahabu na viungo. Kanisa halikuchoma Mombasa. Ukitaka kusema habari za mateso, sema na yetu. Wale waumini waliopigwa risasi kanisani Likoni Machi 2014 walikuwa wamemkosea nani? Mbona kila mara sisi ndio tunaotakiwa kujieleza?

Katekista_Tudor

Mzee wangu, Likoni sijaisahau na sitaisahau. Watu sita walikufa wakiwa ibadani. Damu yao ina haki ya kuliliwa yenyewe, kwa jina lake, na ndiyo sababu sipendi kuitumia kama ngao ya kumkingia Almeida.

Hilo la kutenganisha mfalme na Kanisa ningelipenda liwe kweli, ningepumzika. Lakini mwaka 1452 Papa Nikolao wa Tano alimwandikia mfalme Afonso wa Tano wa Ureno akimruhusu kuwashinda Wasarakeni, yaani Waislamu, na wapagani na kuwatia utumwani daima. Mwaka 1455 akaandika tena kuimarisha haki hizo. Baadaye mfalme wa Ureno akawa ndiye anayependekeza maaskofu na kuwalipia mapadre safari na posho katika nchi zote alizozishika. Merikebu zake zilikuja na misalaba kwenye matanga. Nitakata wapi niseme huku ni serikali, huku ni Kanisa?

Halafu kuna Goa yenyewe. Mahakama ya kuwasaka wazushi, Inkwizisheni, ilikaa Goa tangu 1560 mpaka 1812, ikisimama kwa miaka michache tu katikati. Iliwaandama zaidi waliokwisha batizwa wakashukiwa kurudia dini ya wazee wao kwa siri: waliokuwa Wayahudi, Wahindu, Waislamu. Sasa mfikirie Yusuf. Inasimuliwa kwamba alionekana akisali Kiislamu kwenye kaburi la babake, na habari ikamfikia kapteni. Mtu aliyebatizwa utotoni, aliyekutwa akimwombea babake, alijua vyema ni mahakama gani inamngoja ng'ambo ya bahari.

Hilo halihalalishi alichokifanya. Lakini nikiwafundisha vijana Agosti 1631 bila haya, nitakuwa nimewasimulia hadithi iliyokatwa kichwa.

Mwenyeji_Kibokoni

Bi Mwalimu, salaam. Mimi ni Muislamu, mzaliwa wa Mji wa Kale, na kazi yangu ni kuwatembeza wageni. Naomba niingie mazungumzo haya kwa adabu.

Juu ya lango la ngome kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno. Wengi hupita chini yake wakipiga picha wala hawajui lasema nini. Liliandikwa kumsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Lataja kuwa aliijenga upya ngome, akawatiisha watu wa pwani, akaziadhibu Pate na Siyu hata kuta za miji yao zikabomolewa, na kule Pemba akawaua viongozi walioasi pamoja na wakubwa wa mji. Yote hayo yameandikwa kwa fahari. Mimi huwasomea wageni taratibu, neno kwa neno, kwa kuwa wale wa Pate, Siyu na Pemba ni watu wetu na hawana jiwe lao pale.

Lakini nisikufiche, Bi Mwalimu. Yusuf naye simtetei. Nimekulia nikisikia akisifiwa kuwa shujaa aliyewatoa Wareno. Aliwatoa kweli, wakarudi mwaka uliofuata baada ya yeye kuivunja ngome na kuondoka kwa merikebu. Ila wale Waafrika waliokuwa wamebatizwa, walioambiwa wasilimu au wafe, walikuwa wakaazi wa mji huu huu. Qur'ani yasema katika Suratul Baqara, aya ya 256: "Hapana kulazimisha katika dini." Aliyemlazimisha mtu kwa upanga kaivunja aya hiyo, awe Sultani awe nani.

Mimi kwako sitaki uniombe radhi, hukunikosea. Nataka tu wale vijana wako wakija pale langoni walisome lile jiwe.

Niliyeondoka

Dada, mimi nilibatizwa, nikapata kipaimara, nikaimba kwaya miaka mingi. Niliacha kwa sababu ya mambo haya haya. Yesu alisema mtawatambua kwa matunda yao. Miaka zaidi ya elfu moja ya kuchoma wazushi, kufukuza Wayahudi, kubariki utumwa, kisha mwaka 2000 Papa anaomba msamaha mbele ya kamera na kila mtu anapiga makofi. Ukiuona mti wenye matunda hayo karne baada ya karne, kwa nini uendelee kusema mti ni mzuri ila matunda yameharibika? Nauliza kwa dhati. Sijaja kukukejeli.

Kasisi_Kisauni

Ndugu uliyeondoka, swali lako ni la haki, na sitakujibu kwa kusema wale hawakuwa Wakristo wa kweli. Ni njia rahisi mno. Walibatizwa, walisali, walijua Maandiko kutuzidi.

Mimi ni Mwanglikana, na wengine wetu Waprotestanti hupenda kuyasukumia haya yote Roma. Hatuwezi. Januari 1527 mji wa Zürich, uliokuwa wa matengenezo ya Kanisa, ulimzamisha mtoni Felix Manz kwa kosa la kubatiza watu wazima. Mwaka 1543 Luther aliandika juu ya Wayahudi maneno yanayotia aibu kuyasoma, akataka masinagogi yao yachomwe. Oktoba 1553 Geneva ya Calvin ilimchoma moto Michael Servetus kwa kuukana Utatu. Hakuna kanisa lenye mikono safi la kukimbilia.

Jambo linalonisumbua zaidi ni la Augustino wa Hippo, Mwafrika mwenzetu, ambaye watawa wa Mombasa walichukua jina lake. Mwanzoni alipinga kuwalazimisha Wadonato, Wakristo wa Afrika Kaskazini waliojitenga, warudi Kanisani. Baadaye alipoona sheria za Kaisari zinawarudisha, alibadili msimamo, akaegemea mfano wa karamu katika Luka 14, "ukawashurutishe kuingia ndani." Mtu mwema, mwenye akili kubwa, alishawishika kwa sababu nguvu ilifanya kazi. Kwa karne nyingi waliotesa wenzao walimtaja yeye kama shahidi wao. Hapo ndipo napenda tujiulize: kosa halikuanzia kwa wakatili, lilianzia kwa mchungaji aliyeona viti vinajaa.

Ila, ndugu, uangalie na hili. Mwaka 385 Priscillian, askofu wa Hispania, alipohukumiwa kifo huko Trier, akiwa wa kwanza kuuawa na dola ya Kikristo kwa kesi ya uzushi, askofu Martin wa Tours alikuwa amekwenda kumsihi mfalme asimuue, na baadaye akakataa ushirika na maaskofu walioshtaki. Servetus alipochomwa, Sebastian Castellio, msomi Mprotestanti, aliandika kwamba kumuua mtu si kutetea mafundisho, ni kumuua mtu. Aliyasema hayo akiwa na Biblia mkononi, na yalimletea taabu mpaka kufa kwake. Hawa nao ni matunda. Sisemi wanafuta yale mengine. Hawafuti.

Katekista_Tudor

Nawashukuru wote. Nimesoma mara nyingi kabla ya kujibu.

Kwako uliyeondoka. Sitakuambia urudi, wala sitakuambia ulikuwa na imani haba. Umeondoka kwa sababu ulimwamini Yesu alipozungumza habari za matunda, na mimi nimebaki kwa sababu ya Yesu huyo huyo. Kuna mahali katika Luka sura ya 9 ambapo kijiji cha Wasamaria kinakataa kumpokea, na Yakobo na Yohana wanamuuliza kama anataka waagize moto ushuke uwaangamize. Si maadui wa Kristo wanaouliza. Ni mitume, wawili kati ya wale watatu aliokaa nao karibu zaidi. Injili haikuwaficha. Na yeye "akawageukia, akawakanya." Mimi naishi katika sentensi hiyo. Ninapolihukumu tendo la Almeida, hiyo ndiyo sheria ninayolihukumia, na niliipata Kanisani, kwa mdomo wa bibi yangu na vitabu vya misa, hakuna mwingine aliyenipa. Kanisa lililobeba moto ndilo pia lililobeba maneno yanayoukanya. Siwezi kuwaachia wenye moto maneno hayo.

Juu ya msamaha wa mwaka 2000, nakubaliana nawe nusu. Yohane Paulo wa Pili alikiri tarehe 12 Machi mwaka ule dhambi zilizotendwa kwa kutumia nguvu katika kuutumikia ukweli. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano wa maaskofu wote, ulikuwa umeshatamka tangu Desemba 1965 kwamba mtu asilazimishwe katika mambo ya dini. Na tarehe 30 Machi 2023 Vatikano ilisema wazi kwamba fundisho lililojengwa juu ya zile hati za karne ya 15 si la imani Katoliki. Ni miaka zaidi ya 500 tangu hati zenyewe. Kuchelewa huko ni sehemu ya dhambi, nami sitawaambia vijana vinginevyo. Lakini sitawaambia pia kwamba ungamo lililochelewa ni bure, maana hapo nitakuwa nimefunga mlango kwa kila mtu ninayemjua, nikiwamo mimi.

Mzee wangu wa Changamwe, nitaendelea kuwaita wale wa 1631 mashahidi. Kutajwa kwa Hasan bin Ahmad hakuwapunguzii kitu. Wengi wao hawakuchoma mji wa mtu, na mwanamke wa Kiafrika aliyekataa kuikana imani siku ile hakuwa na deni la Nuno da Cunha. Ninachokataa ni kuwaombea wao huku namkanyaga aliyezikwa bila kichwa.

Ndugu wa Kibokoni, nimeshaongea na paroko, amekubali. Nataka kuwaleta vijana ngomeni Jumamosi, na nakuomba wewe ndiye uwasomee lile jiwe, kwa sauti yako, kabla mimi sijasema lolote. Baada ya hapo tutasali sisi kwa ajili ya mashahidi, nawe ukipenda utatusubiri kando. Yule msichana nimemwambia aandike maswali yake mapema. Ameshaandika karatasi mbili, na la kwanza linahusu Pemba. Niambie unalipwa kiasi gani na saa ngapi inafaa.