Mabao 448 ya Pelé pale Santos: yafutwe kweli?

Wadau, naomba hili tulijadili kwa hoja, maana kila likiletwa kijiweni linaishia kwenye kelele.

Desemba 2020 Messi aliifungia Barcelona bao lake la 644, dhidi ya Valladolid. Ikatangazwa kila kona kwamba amempita Pelé, aliyekuwa na mabao 643 kwa klabu moja, Santos ya Brazil. Santos wakaja juu: Pelé wetu alitufungia 1,091. Mabao 448 ya tofauti ni ya mechi za kirafiki. Siku ile dogo mmoja alinisogezea simu hadi puani: "Braza, hizo 448 ni za bonanza, futa." Pelé amefariki Desemba 2022, na neno hilo "futa" bado linanichoma.

Msimamo wangu ni kwamba yasifutwe.

Ukisema mechi ya kirafiki leo, mtu anawaza mechi za Julai: wachezaji wametoka likizo, na mapumziko yakifika kocha anabadilisha kikosi kizima. Santos ya miaka ya 60 ilikuwa kitu kingine. Uwanja wao wa Vila Belmiro ni mdogo, umebanwa katikati ya nyumba za watu kwenye mji wa bandari. Viingilio vya pale visingetosha kukishika kikosi kama kile: Gylmar golini, Zito katikati, na mbele Dorval, Mengálvio, Coutinho, Pelé, Pepe. Wazee wa soka wa Brazil huyataja majina hayo matano kwa mpangilio huohuo, bila kupumua, kama ubeti waliokaririshwa utotoni. Fedha ya kuwabakiza ilitoka ziarani, kwenye mechi za kirafiki za nchi za nje, na aliyelipa alitaka kumwona Pelé akicheza. Ziara ndiyo ilikuwa kazi yao.

Na wapinzani? Santos walipojibu ile habari ya Messi waliwataja baadhi yao: América ya Mexico, Colo-Colo ya Chile, Inter ya Milan. Na Santos hii ndiyo iliyobeba Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini, 1962 na 1963, na miaka hiyohiyo ikawafunga mabingwa wa Ulaya, Benfica ya Ureno na AC Milan ya Italia, kwenye kombe la mabara. Kule Lisbon 1962 waliipiga Benfica 5-2, Pelé akitupia matatu. Beki gani angepangwa kumkaba mtu huyo halafu acheze kwa utani?

Sasa tazameni hesabu yenyewe. Novemba 21, 1964, Santos waliifunga Botafogo ya Ribeirão Preto 11-0 katika ligi ya jimbo la São Paulo. Pelé alifunga manane siku hiyo. Yote manane yamo ndani ya 643, kwa sababu ligi ile ni mashindano rasmi. Lakini bao alilowafunga Inter ziarani, ambao walikuwa mabingwa wa Ulaya 1964 na 1965, thamani yake ni sifuri. Mimi hapo ndipo ninapokwama.

Halafu ukifuta ya Pelé umefuta na ya wenzake. Pepe ana zaidi ya mabao 400 Santos, Coutinho zaidi ya 350, na hesabu hizo nazo zimejaa mechi za ziara. Hawa wawili hawana mashabiki wa kuwapigania mtandaoni.

Na sisi Waafrika tufikiri mara mbili. Januari 1969 Santos walipita Brazzaville, Kinshasa na Lagos. Watu waliojaa kwenye viwanja vile walilipa kwa jasho lao kumwona Pelé, na timu zetu zilitaka kumfunga bingwa wa dunia. Tukikubali kwamba jioni zile hazihesabiki, tunakubali kuwa mpira wa kweli haukuwahi kuja kwetu.

Nakubali mambo mawili. Baadhi ya wapinzani wa ziarani walikuwa dhaifu, timu za kuokoteza za mji mmoja mmoja. Pia rekodi ya Messi ni halali: kwa mechi za mashindano alimpita, na aliondoka Barcelona akiwa na 672. Sijaja kumshusha. Ninachotaka ni 643 isiandikwe peke yake kana kwamba yale mengine hayakufungwa. Ziwekwe safu mbili, za mashindano na za kirafiki, na kila mtu aone.

Mkumbuke Novemba 19, 1969, uwanja wa Maracanã jijini Rio, Santos na Vasco da Gama. Penalti, mpigaji Pelé. Kipa wa Vasco, Andrada, Muargentina, akaruka upande uleule wa mpira, mpira ukampita kidogo tu, akabaki chini akipiga nyasi kwa ngumi. Pelé akakimbilia wavuni kuuchukua mpira akaubusu, waandishi wakamzingira, mechi ikasimama, naye akaanza kuwaombea watoto maskini wa Brazil. Bao lile ni la mechi rasmi, limo kwenye 643. Ila lilisimamisha mechi kwa sababu lilikuwa la elfu, na huwezi kufika elfu bila mechi za kirafiki.

Kwa hiyo ninyi wa "futa", nijibuni hili moja: siku ile Andrada alikuwa akipiga nyasi kwa ajili ya bao la ngapi?