Tupeane uzoefu: Begi la dharura la mtoto wakati wa mafuriko na maporomoko

Ndugu wanachama, nawasalimu. Tangu ile Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu ya mji wa Katesh, nimekuwa nikiwauliza wazazi wenzangu ni vitu gani vya mtoto walivyovihitaji mno katika saa za mwanzo. Unga, maharage na magodoro huletwa na wengi. Vya mtoto mchanga na vya mtoto mgonjwa ndivyo vinavyosahaulika. Naomba kila mmoja aeleze aliyoyapitia mwenyewe.

Mama, Katesh

Kwetu vilianza viatu. Tope lile lilikuwa na mabati na misumari ndani yake, na watoto waliotoka peku walikatwa nyayo kabla hawajafika mahali pa usalama. Siku hizi raba na sweta za wanangu hulala karibu na mlango. Jambo la pili ni utambulisho: sweta ya shule ya mwanangu wa kati ilikuwa na kitambaa nilichokishona ndani ya ukosi, chenye jina lake, jina la baba yake na namba ya simu ya mjomba wake aliyeko Babati. Tulipotezana asubuhi ile, na mtu aliyemwokota akaisoma namba hiyo na kupiga. Namba ya ndugu anayeishi mbali ina faida kubwa, kwa kuwa simu za nyumbani huenda zote zimezama.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Rufiji

Pole sana, mama. Katika mafuriko ya Aprili 2024 kilichonitia hofu kambini ni kuhara. Wekeni pakiti za ORS (chumvi ya kurudishia mwili maji) na vidonge vya zinki, lakini wekeni pia chupa tupu ya lita 1, maana pakiti moja huchanganywa katika lita 1 kamili ya maji safi, na nimeona wazazi wakiimimina yote kwenye kikombe cha chai, jambo linalomzidishia mtoto chumvi na kumdhuru. Mchanganyiko uliopitisha saa 24 umwagwe. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita.

Kuhusu maziwa ya kopo yanayogawiwa kama msaada, nasema kwa msisitizo: mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha, kwa sababu kopo bila maji salama na chupa safi humletea mtoto maradhi yale yale tunayoyakimbia.

Baba, Mai Mahiu, Kenya

Maji yalipovamia nyumba kabla ya mapambazuko ya tarehe 29 Aprili 2024, binti yangu mwenye pumu alikuwa na inhela yake mfukoni mwa begi la shule, ikiwa pamoja na nakala ya kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Daktari aliyempokea hakuhitaji kutuuliza maswali mengi. Mwenye mtoto wa sikoseli au kifafa afanye vivyo hivyo, tena aweke dawa za wiki nzima.

Mwanzisha mada

Ahsanteni. Naongeza kwamba mtoto akipotea, namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure Tanzania na Kenya pia. Je, wenye watoto wachanga, mnabadilisha nguo na dawa za begi kila baada ya muda gani?

Mama, Katesh

Mimi hulifungua kabla ya vuli na kabla ya masika, nikamvalisha mtoto zile raba kuona kama bado zinamwenea.