Roketi yangu ya Kerbal mafuta yanaisha kabla ya kukamata mzingo, naomba ushauri kabla ya Jumamosi

Kijana_Muyeye:
Salaam wadau. Nimekwama na Jumamosi inakuja. Nacheza Kerbal Space Program, ile gemu ya kuunda roketi na kuzirusha kutoka sayari ya Kerbin. Roketi yangu inapanda vizuri, haiyumbi, haipinduki, inatoka kabisa nje ya hewa (kule hewa inaishia kilomita 70) lakini mafuta yanaisha kabla haijakamata mzingo (ile njia ya kuzunguka sayari bila kuanguka), inarudi chini kama embe. Nimeongeza tangi ikawa nzito, nimeongeza busta (roketi za pembeni za kusukuma mwanzoni) ikakimbia mno mpaka ikawaka moto puani, na hela za gemu zinakwisha. Nifanyeje mafuta yatoshe bila kuongeza kitu?

Bahari_Shwari:
Ndugu yangu, vijana wa Malindi wamejaa ufuoni hawana kazi na wewe unalia mafuta ya roketi ya kompyuta? Sikukatazi kucheza, lakini saa hizo ungejifunza injini za boti ungekula nazo. Mwanangu nilimnyang'anya simu akashika kitabu, sasa hivi yuko chuo.

Mzee_wa_Mun:
Rahisi hiyo. Nyoosha juu mpaka kilomita 10 halafu lala digrii 45. Mimi nilifika Mun, mwezi wa Kerbin, hivyohivyo na laptopu mbovu, kipande cha kibodi hakipo, nabonyeza spesi kwa kijiti.

Fundi_Anga:
Mzee heshima yako, lakini hiyo ni ya zamani, kabla ya toleo la 1.0 la 2015. Hewa ya Kerbin siku hizo ilikuwa nzito kama uji, ndiyo watu wakapanda wima. Walipoibadilisha, ushauri ule ukawa hasara tupu, kwa sababu kila sekunde unayopanda wima mafuta yanapigana na mvutano tu, hayakuongezei mbio za pembeni, na mzingo ni mbio za pembeni. Sasa hivi unaanza kuinamisha mapema, ukifika kama mita 100 kwa sekunde unalaza digrii tano mpaka kumi, halafu unaiacha ijilaze yenyewe ikifuata kile kiduara cha mwelekeo, ukifika kilomita 10 au 12 uwe karibu na 45. Ap (sehemu ya juu kabisa ya njia yako) ikigonga kilomita 80 zima injini, subiri ufike kule juu, washa tena mpaka Pe (sehemu ya chini kabisa, ikiwa hasi ujue njia inapita ndani ya ardhi) ipite 70. Na TWR (nguvu ya injini ukigawanya kwa uzito wa roketi) pale jukwaani isizidi sana 1.5, ndiyo maana busta zilikuunguza.
Kijana, tupe namba. Delta-v (jumla ya mbio ambazo mafuta yako yanaweza kukupa, kwa mita kwa sekunde) ngapi, na unaishia wapi?

Kijana_Muyeye:
Hayo yote nafanya, naanza kuinama kwenye mita 100 kama ulivyosema, na TWR ni 1.4. Delta-v ni 3,600 na kitu. Ap nafikisha 80 nazima, nikiwasha tena kule juu mafuta yanaisha Pe ikiwa hasi 73. Kila siku ni hapohapo.

Fundi_Anga:
Hapo kuna jambo hujasema. Mzingo wa Kerbin unakula kama 3,400. Wewe una 3,600, ukifanya hayo unayosema ungefika na ukabakiwa. Ukiinamisha unabonyeza kitufe gani?

Kijana_Muyeye:
A.

Fundi_Anga:
A??? Ukiwa jukwaani D ndiyo inakupeleka mashariki, nyuzi 90. A ni magharibi, 270. Unarusha kinyume na dunia inavyozunguka!

Kijana_Muyeye:
Najua ni magharibi, nimechagua kwa sababu. Upande wa mashariki ni bahari tupu, na busta zangu nimezifunga miamvuli, nataka ziangukie nchi kavu niziokote nirudishiwe hela. Tena Jumamosi nawaonyesha watoto wa kilabu ya sayansi hapa mtaani, karatasi nimeshachapisha, mshale umechorwa unaelekea bara. Kwa hiyo nisaidieni kwa upande huohuo, sio kubadilisha.

Mzee_wa_Mun:
Busta hazirudi, kaka. Zikishakuwa mbali na chombo chako huku bado zimo ndani ya hewa gemu inazifuta, miamvuli ama bila miamvuli. Na chombo ukikitua baharini hela unarudishiwa vilevile, kinachopimwa ni umbali kutoka kituoni.

Pwani_Moja:
Samahani lakini mimi huu uzi siuamini. Mtu wa Malindi, anafundisha watoto mambo ya roketi, hajui kwa nini zinarushwa kuelekea baharini? Na Ngomeni, walikorushia roketi Waitaliano, iko hapo jirani? Picha hata moja ya skrini hajaweka. Mnatungiwa hadithi mkeshe mkibishana.

Bahari_Shwari:
Na mimi nilianza kushuku. Kilabu gani hiyo haina jina?

Kijana_Muyeye:
Sina sababu ya kudanganya. Laptopu ni ya kuazima, naandika kwa simu. Jina la kilabu siweki kwa sababu ni watoto wa watu.

Fundi_Anga:
Pwani_Moja, subiri nikupigie hesabu. Kerbin kwenye ikweta inazunguka kwa karibu mita 175 kwa sekunde. Ukienda mashariki umepewa bure. Ukienda magharibi unazifuta kwanza halafu unazitafuta upya, yaani 350. Weka juu ya 3,400 unapata 3,750, na yeye ana 3,600, amepungukiwa 150. Sasa Ap ya 80 na Pe ya hasi 73 ukizipigia hesabu, kilichobaki kufunga mzingo ni mita 150 kwa sekunde hizohizo. Mtunga hadithi hapatii namba hiyo. Huyu ameketi mbele ya skrini.

Mwana_Ngomeni:
Mimi ndiye wa Ngomeni kwenyewe, na majukwaa ya Waitaliano bado yamesimama baharini, miguu yake unaiona kutoka ufuoni. Baba alikuwa mvuvi, akisema siku ya kurusha hawakuruhusiwa kusogea. Kuanzia 1967 mpaka 1988 setilaiti zimeruka hapo kwa roketi za Scout, steji nne (vipande vinavyowaka kwa zamu), mafuta makavu, na zote mbele yake ni Bahari ya Hindi. Uhuru iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kutazama miali ya eksirei ya angani. Tuko karibu digrii 3 kusini ya ikweta, hapa dunia inakusukuma zaidi ya mita 460 kwa sekunde, na steji zikidondoka zinadondokea maji, sio paa la mtu. Mdogo wangu, hao watoto hawana haja ya mfano wa mbali.

Pwani_Moja:
Hesabu nimeikubali. Picha bado naisubiri.

Kijana_Muyeye:
Nimejaribu D, roketi ileile sikugusa kitu. Ap 80, Pe 79, na delta-v imebaki kama 190! Busta zimepotelea baharini, hilo bado linaniuma. Karatasi siwezi kulipia tena, nitawapa watoto kalamu nyekundu kila mtu auchore mshale wa pili mwenyewe, na pembeni aandike 175. Mwana_Ngomeni, hayo majukwaa mtu akija na watoto kumi hivi, anasimama wapi ayaone vizuri?

Mwana_Ngomeni:
Njooni asubuhi kabla jua halijawa kali, mkifika ufuoni mniulizie kwa wavuvi.